Mutoto wa Furusheti Amenyamaza

Wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatukagulia hata masufuria, mimi nilikuwa nauza kahawa pale Kadutu, ubao mumoja juu ya mawe mawili, umeegemea uzio wa Papa Barthélemy. Alikuwa karani, lakini sisi tulimwita Furusheti, ndiyo uma kwa Kifaransa, maana kwake hata kiazi kitamu kililiwa kwa uma. Aliomba karte ya évolué, ile ya kuonyesha kwamba mutu mweusi amestaarabika, na Alhamisi wazungu wangekuja kuangalia nyumba yake: meza, choo, bibi, mutoto. Shida ilikuwa mutoto. Déo, miaka mitatu, alikuwa ameanza kusema vizuri, kisha tangu Noeli, kimya kama jiwe. Asubuhi ile Furusheti akaja kukaa kwetu, tai shingoni, macho mekundu.

— Asiposalimia wazungu, nimekwisha, akasema. Na kama hatasema tena maisha yake yote?

Dokta, mwenye kufagia hospitali, akaweka kikombe chini.

— Ni ubongo, Papa. Ubongo wa mutoto iko kama bugali. Papa na maman wakigombana, inashika madonge.

— Sisi hatugombanaka. Hata neno moja.

— Basi haikukorogwa.

Sajenti, ambaye jeshini hakupita kaporali, akacheka.

— Mumuache mutoto. Debe tupu njo inapigaka kelele. Huyu iko kimya, kwa hiyo kichwa yake imejaa mpaka juu.

— Imejaa nini?

— Hatujui. Siku itafunguka, mutakimbia.

Nikaona wananiacha nyuma.

— Papa, maman yake anamubebaka mugongoni?

— Hapana. Iko na kiti yake mwenyewe.

— Njo maana. Mutoto anaokotaka maneno kwa mugongo wa maman. Yanatoka kifuani, yanamuingia kwa tumbo. Wewe umemuweka kwa mbao, atasema kama mbao.

— Mbao haisemi, Dokta akasema.

— Unaona?

Furusheti akanyoosha tai.

— Lakini mimi nalea kuliko ninyi wote. Kwangu Kifaransa tu. Tangu Noeli nimekataza Mashi, lugha ya mababu, nimekataza Kiswahili, mpaka jikoni.

Tukatikisa vichwa kwa heshima. Sajenti akasema haba na haba hujaza kibaba, mpaka leo sijui kwa nini.

— Sasa nimeelewa, Dokta akasema. Kifaransa ni kizito. Ubongo umekaa chini, unapumuzika.

Hapo akafika Adolphine, muke mugeni kutoka Kamituga, amehamia nyuma ya Furusheti mwezi ule. Alikuja na kigae kuomba kaa la moto. Nikawa namuchagulia kaa polepole, ili asikie na yeye.

— Papa, samahani, akasema. Ile nyumba iko na watu? Mimi nilifikiri ni depo ya mizigo.

— Iko na watu watatu.

— Na maman wa mutoto anajua Kifaransa?

— Anajua bonjour. Furusheti akafikiri. Na merci.

— Basi ukienda kazi, anasemaka nini na mutoto kutwa nzima?

Dokta akaomba kahawa ingine. Sajenti akatafuta methali, akakosa. Na mimi, mwenye kukaa kwa uzio ule tangu Noeli nikinung'unika kwamba hakuna habari inatoka mule, nikaona haya. Kidogo tu.

Furusheti akasimama, akaingia kwake, kahawa akaiacha. Mimi nikaweka jicho kwa tundu ya uzio, wale wengine masikio. Alichuchumaa uani, mbele ya ile kiti ya mutoto.

— Bonjour, mon fils.

Mutoto akaangalia miguu yake. Furusheti akavua tai, akaiweka chini.

— Déo. Unataka kiazi?

Mutoto akamuangalia sana. Kisha ikatoka sauti ndogo, kavu:

— Mbili.

— Nilisema imejaa, Sajenti akanong'ona.

Bibi yake Clémence akatokea mulango wa jiko, akauliza kwa Mashi kama sasa ruhusa iko. Furusheti akamwambia sema, maman, sema. Akasema. Maneno yote tangu Noeli yakashuka kama mto Ruzizi: uma iliyomuchoma ulimi, ile kiti ya mbao, kisha makosa ya majirani, mumoja mumoja.

— Na karte? Dokta akauliza. Alhamisi itakuwa namna gani?

— Nyamaza, nikamwambia. Clémence amefika kwa jina langu.