Ngisi Jikoni kwa Soli

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na lilikaa mbele ya kibanda cha fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Soli. Aliyetaka habari hakuhitaji redio. Alihitaji kikombe cha kahawa na nafasi ya kuegesha nusu ya makalio. Kila siku ungemkuta hapo Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye wateja wake walishazoea kusubiri wakiwa wamenyolewa upande mmoja. Ungemkuta Gia, dereva wa malori mstaafu, na Mama Birika, muuza kahawa, anayemimina huku masikio yamesimama. Lakini mwenye benchi hasa alikuwa Soli. Mambo ya nyumbani kwake hayakuwahi kulala ndani. Yakitokea usiku, asubuhi yako benchini yanakunywa kahawa. Ndiyo maana siku hiyo wenzake waliingiwa na wasiwasi walipomwona amekaa kimya, sindano mkononi, kiatu cha mteja mapajani, na uzi haujapita hata tundu moja.

— Soli, wewe unaumwa, alisema Wembe.

— Siumwi.

— Basi umefiwa.

— Sijafiwa.

— Basi ni mke, alisema Gia, akajisogeza karibu. Toa, bwana. Ukikaa nalo litakupasua.

Soli alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara.

— Mke wangu anakaanga ngisi.

Mkono wa Mama Birika ulisimama hewani.

— Ngisi?

— Ngisi.

— Yule wa baharini mwenye mikono kibao?

— Huyo huyo. Hii mara ya tatu sasa. Tangu nimuoe, kwangu hakijakaangwa kitu kigeni kuliko yai.

— Sasa kosa liko wapi?

— Anafunga mlango, mama! Mlango wa jiko! Ule mlango haujafungwa tangu tuhamie, hata bawaba zilishasahau kazi yake. Nikachungulia kwenye upenyo. Mikono yake myeusi mpaka hapa. Sinki jeusi. Anamvuta yule kiumbe kichwa, kichwa kinatoka na matumbo yake yote. Anatia kidole ndani, anachomoa kitu kirefu kinang'aa kama plastiki. Anachuna ngozi. Kinachobaki anakikata pete pete, kisha anazitumbukiza kwenye maziwa.

— Maziwa? aliuliza Wembe.

— Maziwa ya chai yangu! Mimi nakunywa chai kavu, ngisi anaoga maziwa!

Gia alicheka mpaka akakohoa. Soli hakucheka.

— Na kuna sauti ya mwanamume, alisema polepole.

Hapo benchi likalia. Wote watatu walikuwa wamejisogeza kwa pamoja.

— Ndani ya jiko?

— Kwenye simu. Inaongea taratibu, sauti ya kubembeleza. "Usiyaogope mafuta. Yaache yapate moto kweli. Safi sana, mpenzi."

— Mpenzi!

— Kwa masikio yangu haya.

Wembe alifuta miguu ya suruali yake, ambayo haikuwa na vumbi.

— Mimi nilifikiri shemeji ana ombi, alisema. Mwanamke akibadilisha mapishi, ana ombi, anakulainisha kwanza. Lakini hilo la mpenzi limeniharibia hesabu.

— Wewe hesabu zako zilikuwa za darasa la kwanza, alisema Gia. Sikilizeni. Pete. Maziwa. Sauti ya mwanamume. Mtu anayejizoeza kukata pete anawaza nini?

— Anawaza nini?

— Harusi!

— Harusi ya nani, na mimi nimeshamuoa?

— Ndiyo hapo sasa. Fikiria.

Soli alifikiria, na hakupenda alipofika. Mama Birika aliweka birika chini, jambo alilolifanya mara chache sana.

— Mie pete hazinitishi, alisema. Kinachonitisha ni ule weusi. Ule ni wino, jamani, ngisi ana kifuko cha wino tumboni. Na wino kazi yake nini? Kutia saini. Mtu anayekusanya wino ana karatasi mahali. Ukiamka asubuhi, baba, tazama kidole gumba chako kama hakijagandamizwa kwenye hati ya nyumba.

Soli alitazama kidole gumba chake. Kilikuwa cheusi tii. Akaanza kukifuta kwenye suruali, mpaka alipokumbuka kwamba yeye ni fundi viatu na ile ni rangi ya viatu.

— Nyumba yenyewe ya kupanga, alisema kwa sauti ndogo.

— Hata hivyo, alisema Mama Birika.

— Kaeni vizuri niwaambie, alisema Gia, akashusha sauti. Nilikuwa na utingo wangu, kijana shupavu, anabishana na askari, anabishana na mvua. Mkewe akaanza kumlisha hivi hivi vitu visivyo na mfupa. Mwezi haukuisha, jamaa hana msimamo. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa wahamie kwa mama mkwe, anabeba godoro. Mpaka leo yuko huko, anafua mapazia.

— Kwa sababu ya ngisi?

— Hana mfupa hata mmoja yule! Unachokula ndicho kinachokujenga. Sasa yeye atakujenga na nini?

Wembe alitingisha kichwa kama daktari aliyeona majibu mabaya. Soli aliinamia kiatu kilichokuwa mapajani. Kulikuwa na jambo ambalo hata benchini lilimshinda kusema. Mkewe alikuwa msafishaji katika hoteli, na siku hizi alirudi kazini akitembeza midomo bila sauti, kama mtu anayekariri. Ukimuuliza habari za kazi, anajibu, "Kawaida," na simu anailaza kifudifudi. Watoto walishakua, wameondoka. Ndani walibaki wao wawili tu, na mmoja wao alikuwa na siri.

— Samahani, kaka.

Wote waligeuka. Pembeni alikuwa amesimama mwanamke mmoja, mguu mmoja kwenye kiatu, mwingine kwenye kandambili ya kuazima. Kiatu alichokuwa anakisubiri ndicho kilichokuwa mapajani kwa Soli muda wote huo.

— Hao ngisi, aliuliza, ni watamu?

Gia alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Soli.

— Mimi... nilimwambia tumbo linaniuma.

— Mara zote tatu?

— Mara zote tatu.

— Kwa hiyo anawapika, humsaidii kuwala. Wanaliwa na nani?

Soli aliipitisha sindano kwenye kiatu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Gia, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu alipokabidhiwa leseni, alianza kutafuta kitu mfukoni. Mama Birika alichungulia ndani ya birika lake kana kwamba jibu lingeelea juu ya kahawa.

Soli alishona kiatu kile haraka kuliko alivyowahi kushona chochote, akamkabidhi mwenyewe, akafunga kibanda jua lingali linawaka.

Nyumbani mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Alisimama mbele yake, akaona ajabu kubisha hodi kwenye jiko lake mwenyewe, lakini akabisha.

— Nani?

— Mimi.

Kisha bawaba zikalia, na mkewe akatokea, unga mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na ndani ya simu alikuwemo mzee mnene mwenye aproni, kipara kinang'aa, anakamua ndimu.

— ...na hapo usisahau chumvi kidogo, mpenzi mtazamaji, alisema yule mzee.

Soli aliliona neno lile la pili, "mtazamaji", likimpita kama basi aliloshindwa kulidandia wiki nzima. Akaona haya, akashusha pumzi, vyote kwa pamoja.

— Nipe nionje, alisema.

— Tumbo limepona?

— Limepona sasa hivi.

Alimpa kipande kimoja, akamsimamia. Soli alitafuna. Akaendelea kutafuna. Akakihamishia upande wa pili, ambako alikuwa na meno zaidi. Alifikiria kusema uongo, lakini macho ya mkewe yalikuwa yamemganda usoni.

— Sema.

— Mama watoto, hii ukiipiga misumari unaitembelea.

Alisubiri mwiko umshukie kichwani. Haukumshukia. Mkewe aliketi kwenye kigoda, akajifuta machozi kwa mkono wenye unga, akacheka huku analia.

— Jirani kasema tamu. Dada yangu kasema tamu. Kila niliyempelekea sahani kasema tamu. Nilijua wananidanganya, ila sikujua wananidanganya kiasi gani.

Ndipo akamweleza. Mmoja wa wapishi pale hotelini aliondoka, na mpishi mkuu akasema mfanyakazi yeyote anayetaka nafasi ile aje apike chakula ambacho wageni wanakiulizia sana, ngisi wa kukaanga. Wasafishaji wenzake walicheka. Yeye akajiandikisha. Jaribio lilikuwa kesho asubuhi.

— Kwa nini hukuniambia? Soli aliuliza.

— Nikuambie wewe, au niliambie benchi?

Soli akatazama sakafu.

— Mwaka ule niliposhindwa mtihani wa ushonaji, alisema mkewe, Wembe alinipa pole sijavua hata viatu. Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani.

Hakuisema kwa hasira, na hiyo ilimchoma zaidi. Soli akakunja mikono ya shati.

— Anza upya, nione.

Walikaa jikoni, safari hii mlango wazi. Soli aliona kwamba mkewe aliyaogopa mafuta: yakiruka kidogo tu, anapunguza moto, kisha anajaza kikaango ili amalize mapema, na ngisi wanachemka badala ya kukaangika. Mkewe akaligundua hilo wakati ule ule, maana kulifanya mbele ya mtu ni tofauti na kulifanya peke yako. Soli alichukua kitambaa safi, akawa anazikausha pete moja moja baada ya maziwa, ili zisirushe mafuta. Mkewe akazipaka unga wenye pilipili manga, akaukung'uta uliozidi, akaacha mafuta yapate moto mpaka chembe ya unga ikacheza juu yake, akatumbukiza konzi moja tu. Mkupuo wa kwanza uliungua. Uliofuata, rangi ilipoanza tu kuwa ya dhahabu, alizitoa pete haraka bila kumuuliza mzee wa kwenye simu.

Soli aliuma. Meno yakakutana.

Alichukua nyingine, na nyingine, mpaka mkewe akamwondolea sahani.

Kesho yake mchana alirudi nyumbani kula, akamkuta mkewe amesimama mlangoni, bado na sare ya usafi.

— Naanza Jumatatu, alisema. Jikoni. Kwa majaribio kwanza, lakini jikoni.

Soli alimshika mikono yote miwili. Ilinuka ngisi na ndimu. Mkewe hakumwambia anyamaze, wala hakumtazama kwa kumwonya. Alimwamini tu, na mzigo huo Soli hakuwahi kuubeba.

Alasiri benchi lilikuwa limejaa kuliko kawaida, maana habari ya pete na wino ilishafika mpaka kwa muuza mkaa. Wembe alikuwa amemwacha mteja kichwani ana povu. Gia alikuwa amempatia utingo wa kisa chake mke wa pili, naye mpishi wa vitu vya baharini. Soli alikaa katikati yao, akapigilia kisigino, akanywa kahawa. Wembe akasema uso wa Soli umebadilika. Gia akasema ni dalili. Soli akanywa tena. Habari ilikuwa imemjaa mpaka kooni, nzuri kuliko zote alizowahi kuleta pale, na kila alipovuta pumzi ilitaka kutoka.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Yalitoka matone mawili na mashapo.

— Umenimalizia kahawa yote, baba, na hujasema kitu, alisema, akimkodolea macho. Una nini mdomoni?

— Kahawa, alisema Soli, akaimeza.