Rosina Tschudin na Unga Mweupe wa Samoni

Marehemu Rosina Tschudin alizaliwa tarehe 9 Novemba 1852 hapa Kleinhüningen, katika nyumba ya tatu kutoka kanisani, akiwa mtoto wa nne wa mzee Jakob Wenk, mvuvi wa samoni, na mkewe Salome. Mkunga alipomsikia akilia alisema mtoto huyu ana sauti ya kuuzia samaki, wala hakukosea.

Alisoma shule ya kijiji tangu 1859 hadi 1865. Hesabu aliipenda kupita kiasi. Siku moja mwalimu alijumlisha vibaya ubaoni, Rosina akasimama akamwambia, naye akamtoa nje asimame kwenye theluji. Baada ya nusu saa mwalimu mwenyewe alichungulia mlangoni. "Wenk, rudi ndani," alisema. "Ni arobaini na sita kweli."

Alipomaliza shule alimsaidia baba yake kuuza samaki sokoni Basel. Hapo ndipo, Oktoba 1871, alipofika bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, Daktari Theophil Imhoof, akataka samoni dume.

"Mkubwa au mdogo?" mzee Wenk aliuliza.

"Yeyote. Nyama kaa nayo, Bwana Wenk. Mimi nataka mbegu zake za uzazi tu."

Soko zima liliangua kicheko. Mzee Wenk aligeuka mwekundu kama koti la mpiga ngoma. Rosina hakucheka. Alichukua kisu, akampasua dume, akaitoa ile mifuko miwili mieupe bila kuitoboa, akaiweka kwenye bakuli. "Ukiibeba hivi juani itaharibika kabla hujavuka daraja, Bwana Daktari," alisema. "Ngoja nikuwekee barafu." Wiki iliyofuata Daktari alirudi, lakini safari hii hakuja kununua samaki. Alikuja kumwomba mzee Wenk amruhusu bintiye afanye kazi kwake.

Maabara yenyewe ilikuwa katika jengo la zamani la watia rangi utepe wa hariri, kando ya mto Rhein. Daktari alikuwa akitafuta kitu kilichofichika ndani kabisa ya mbegu ya uhai, katika ile kokwa ndogo isiyoonekana bila hadubini. Kila vuli, samoni walipopanda mto kuzaliana, Rosina alipasua, akaosha, akachuja kwa kitambaa, akaongeza asidi tone kwa tone, hadi unga mweupe ukatuama chini ya chupa. Unga huo haukufanana na kitu chochote ambacho wanakemia walikuwa wamekipata mwilini. Ulikuwa na fosforasi, ile ile ya kwenye vichwa vya viberiti. Lakini ulikuwa mwepesi wa kuharibika, kwa hiyo walifanya kazi madirisha wazi, hata Januari na Februari, pumzi zikitoka kama moshi.

Barafu ililetwa na kijana Lukas Tschudin wa Riehen. Rosina alimkaripia kila Jumanne. "Barafu yako imejaa majani! Unadhani tunapika supu hapa?" Lukas akaanza kuipangusa kipande kwa kipande, mbele yake, taratibu, hata mabonge yakapungua nusu. Daktari ndiye aliyewaambia waoane upesi kabla barafu haijaisha. Walifunga ndoa tarehe 3 Juni 1876 katika kanisa hili.

Majira ya baridi ya 1878 yalileta taabu. Profesa Krehbiel, mwanakemia mashuhuri kutoka Ujerumani, aliandika kwamba unga wa Imhoof ni protini ya kawaida iliyooshwa vibaya, na kwamba atakuja kujionea mwenyewe. Kama angeondoka na maneno yale yale, hakuna mtu ambaye angemsikiliza Daktari tena. Mgeni aliwasili tarehe 10 Desemba akikohoa. Kwa heshima, Daktari aliamuru jiko liwashwe. Jioni, badala ya unga, kulikuwa na ute wa kijivu chini ya chupa.

"Nilivyoandika," alisema Profesa, akaenda hotelini kwake.

Daktari aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso. "Miaka saba, Rosina. Labda ni yeye aliye sahihi."

"Sahihi wapi! Ni jiko hilo. Mimi nililiona, nikaogopa kusema mbele ya mgeni. Kesho sitaogopa."

Asubuhi aliingia na samoni wapya, akamwaga ndoo ya maji ndani ya jiko lile, akafungua madirisha yote manne. Profesa alipofika alisimama mlangoni, kola juu. "Mama, unataka kuniua?"

"Hapana, Profesa. Nataka uone. Ukihisi baridi, shali ya mama yangu hii hapa. Inanuka samaki, lakini ina joto."

Aliivaa. Alisimama kutwa nzima na shali ya muuza samaki mabegani, akiangalia ile mikono miekundu ikichuja na kuhesabu matone. Saa tisa alasiri kitu cheupe kilianza kutuama, kama theluji. Profesa aliupima unga ule kwa dawa alizokuja nazo mwenyewe. Dawa ya kuonyesha protini haikubadilika rangi. Dawa ya fosforasi iliacha vumbi la manjano zuri ajabu. Alirudia mara ya pili. Kisha akavua kofia, si mbele ya Daktari, bali mbele ya Rosina.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Samoni walioharibika, Profesa. Kila aliyeharibika aliniachia somo."

Profesa Krehbiel alikanusha maandishi yake hadharani. Katika makala iliyofuata Daktari alishukuru "mikono ya Bi. Rosina Tschudin, ambayo bila hiyo sisi tusingejua lolote." Rosina alipangusa mikono, akaisoma sentensi hiyo mara tatu, akasema wameliandika jina vizuri.

Mwaka uliofuata alizaliwa binti yake wa kwanza, Küngold, anayewasomea wasifu huu. Lukas alimuuliza Daktari siku ya ubatizo ule unga hasa unafanya kazi gani.

"Sijui, Bwana Tschudin. Huenda ndio uliompa mtoto huyu kidevu chako."

"Maskini mwanangu!" alisema Rosina.

Daktari alifariki 1894. Rosina aliendelea kufundisha vijana wa maabara hadi 1906, vidole vilipopinda kwa baridi yabisi. Moyo ulianza kumsumbua vuli ya 1910, na miguu ikavimba. Wiki iliyopita alitaka kitanda kisogezwe dirishani awaone wapiga ngoma wa sherehe za mitaani za Fasnacht, akala supu ya unga uliokaangwa, akalalamika haina chumvi. Alifariki Jumatano, tarehe 28 Februari 1912, saa kumi alasiri, filimbi zikipita barabarani.

Ameacha mume, Lukas, watoto watatu, Küngold, Emanuel na Dorothea, wajukuu watano, na dada yake, Ursula. Jeneza lake linabebwa na wanakemia sita. Wote sita aliwafundisha kuosha chupa, na wote sita aliwahi kuwatoa nje. Bwana amlaze pema Rosina wetu, mikono yake ipate joto na kupumzika.