Mama Libérata, Aliyetufundisha Kuomba Bila Haya

Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, Mama Libérata Umurerwa anastaafu tarehe 30 Juni. Katika Kituo chetu cha Inuka, kazi yake imekuwa kuwaandaa vijana wenye biashara changa kukutana na wawekezaji binafsi, yaani wale wenye uwezo wanaotia pesa zao wenyewe katika kazi ya mtu na kupewa hisa. Ametutembeza kutoka milima ya Masisi hadi misitu ya Walikale, na kwa mwendo wake ule, wengi wetu tunaujua mgongo wake kuliko uso.

Alianza kama karani wa mapokezi. Kazi ikamshinda, kwa kuwa hakuweza kumwacha mgeni akae kimya. Alimhoji mtu mpaka akasahau alikuja kumwona nani. Mkurugenzi akamhamishia kwenye biashara changa, na siku hiyo tukadhani ameadhibiwa, kumbe amefikishwa mahali pake.

Lakini hata yeye alichemsha. Pale Burungu, katika milima ya Masisi, Valens Nsengimana na mkewe Kayitesi walikuwa wakitengeneza jibini kwa sufuria moja. Kila mvua ilipokata barabara, maziwa ya majirani yalimwagwa, na Kayitesi alikuwa amekwisha kusema kwamba wasipopata mtu wa kuwashika mkono, wanafunga. Mama Libérata akawatafutia Papa Shyaka, mfanyabiashara wa maziwa kutoka Goma. Alichagua mtu wa maziwa makusudi, maana mwekezaji asiyeijua kazi yako atakuchosha kwa maswali kisha akimbie.

Akawafundisha adabu zote za kumpokea mgeni. Tatizo ni kwamba walizishika. Kwetu wafugaji, ng'ombe hahesabiwi hadharani, wala mgeni haombwi kitu siku ya kwanza. Papa Shyaka akauliza wana ng'ombe wangapi. Valens akajibu, "Ziko, kwa neema ya Mungu." Maziwa je? "Haikosake." Basi wanataka awasaidie nini? "Tunafurahi tu kukuona, Papa." Mgeni akanywa maziwa, akala jibini, akabarikiwa, akarudi Goma.

Huko akampigia simu Mama Libérata. "Bale batoto biko na heshima mingi. Lakini feza yangu itaingia wapi? Mu heshima?"

Mama Libérata hakulala vizuri wiki hiyo, na sisi hakutuacha tulale. Kisha akakumbuka posa. Kwenye posa, baba hajiombei mkwe kwa kinywa chake, anamtafuta msemaji asiye na haya. Akamwomba Papa Shyaka apande tena, safari hii hadi Kalembe, kwenye mkutano wa vijana wake, na msemaji akawa mmoja wao, Anastasie, muuza mawese wa Itebero, mtu wa msituni ambaye miiko ya ng'ombe haimhusu.

Anastasie alisimama hata kabla ya maombi ya kufungua kwisha. "Papa, ngombe ziko makumi ine. Maziwa inamwangika kila mvua. Banataka sufuria kubwa na nyumba ya kuivisha fromage, ile jibini yabo, na wewe utapata fungu moja ku tano. Uko na swali?"

Valens, kusikia ng'ombe wake wanahesabiwa mbele za watu, alitoka nje akajifanya anatafuta kuni. Papa Shyaka, naye mfugaji, aliinamisha kichwa kwa aibu. Kisha akauliza bei ya sufuria.

Tangu hapo, kila kijana wa Mama Libérata hujifunza kwanza kuisemea kazi ya mwenzake, ndipo aisemee yake: unataka nini, kitafanya nini, utatoa hisa gani. Anayejikweza humkatiza. Anayejidunisha humsimamisha aanze upya, na sisi wenzake tumewahi kusimamishwa hivyo tukiomba likizo.

Maziwa ya Burungu hayamwagwi tena. Mwaka huu Valens mwenyewe ametia pesa katika biashara ya asali ya binti mmoja, Gaëlle. Juzi Gaëlle alikuja ofisini na hasira kumshtaki: "Mama, ule Papa Valens anauliza maulizo mingi, hana hata haya!"

Mama Libérata alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, nasi tukalia naye. Asiyeweza kuomba sasa anaombwa. Mama, asante. Ofisi itapwaya bila wewe, na tunaumia kukuaga. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha.