Ottilia na Kompyuta ya Watu Wengi

Kijiwe chetu pale Mbinga kilikuwa benchi moja mbele ya chumba cha intaneti, jirani na ghala lililokuwa la ushirika kabla biashara ya kahawa haijaachiwa huru, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao. Mama Kunigunda alichemsha kahawa, sisi tukachemsha maneno. Pankras tulimwita Bunge, maana hakosi hoja. Romanus, fundi wa mashine za kusaga, alikuwa Dizeli. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Mwaka ule tukampata Ottilia, binti wa Mbamba Bay aliyesomea mwenendo wa maji chuo kikuu. Kaka yake, Christopher, alitoka ziwani na boti ya mahindi, upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ukavuma, asionekane tena yeye wala kipande cha ubao. Mama yao akawa anashinda ufukweni kutazama mawimbi yataleta nini. Ottilia alirudi kumtunza, na kila akipata usafiri alipanda Mbinga, kwa kuwa intaneti ilikuwa huku. Kwa njia hiyo aliifikia kompyuta moja kubwa ya mbali, inayotumiwa na watafiti wa nchi nyingi, ili apige hesabu: maji ya siku ile yalielekea wapi?

Siku moja alitoka ndani mapema, akakaa mwisho wa benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Bunge. Hesabu imejibu?

— Haijaanza, baba. Nikiitaja programu yangu, kompyuta inasema haiijui. Na zamani iliijua vizuri tu.

— Wameibinafsisha hiyo! Siku hizi hawaachi kitu.

— Acha siasa, alisema Dizeli. Imeazimwa. Si ya watu wengi? Kuna mtu huko Bulgaria kaichukua asubuhi, akimaliza atairudisha.

— Hapana, kaka Romanus. Watu mia wanaweza kuitumia kwa pamoja.

— Basi imejificha. Mashine ikishikwa na mikono mingi inakuwa na aibu. Ile ya kijijini Mapera haiwaki mpaka nifike mimi.

— Nyie hamjui, alisema Bunge. Kompyuta imeshatambua kwamba huyu yuko Mbinga. Alipokuwa chuoni alikuwa mtu wake. Sasa wamemfuta.

Tukacheka. Ottilia hakucheka.

— Na mimi nimewaza hivyo hivyo, alisema.

Ndipo akatueleza. Kule chuoni alikaa meza moja na rafiki yake Beata. Katika kompyuta ile, kila ukiingia unaingia mikono mitupu. Programu ziko stoo, na wewe mwenyewe unatafuta unayoitaka na kuipakia. Beata alikuwa amemwandikia maagizo, kila akiingia programu inajipakia yenyewe. Sasa kompyuta imefanyiwa marekebisho, maagizo yale hayafanyi kazi, na Beata amehama, hajibu barua pepe.

— Nilikuwa nakuta imeshapakiwa, alisema. Sikuwahi kuuliza inatoka wapi.

— Na hao wengine unaotumia nao? aliuliza Mama Kunigunda. Huwezi kumuuliza hata mmoja?

— Naona majina yao tu kwenye foleni ya kazi, mama. Hawanijui.

Ottilia akamaliza kahawa yake, akarudi ndani.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilimwona ameinama, anaandika, anatikisa kichwa, anaandika tena. Jua lilipotufikia benchini akatoka mbio.

— Ipo! Wameibadilisha jina kidogo. Tena inakaa juu ya programu nyingine: mpaka upakie kwanza ile ya chini ndipo hii ionekane!

— Nilisema imejificha! alipiga kelele Dizeli. Bunge, nilisema sikusema?

— Kazi yangu imeshaingia foleni, alisema Ottilia. Tusubiri zamu.

Tukampa mikono. Akatoa simu, akaanza kupitia majina, akashuka nayo hadi mwisho, akapanda nayo tena. Kisha akairudisha mfukoni bila kumpigia mtu.

Wiki iliyofuata alikuja na kuingia moja kwa moja ndani. Alipotoka alikuwa mtulivu mno.

— Maji yalikwenda kaskazini, alisema. Halafu yakageuka yakaingia kilindini. Hayakugusa ufukwe wowote. Nimeirudia hesabu kwa pepo tofauti, jibu ni hilo hilo.

— Kompyuta ya ugenini italijuaje ziwa letu? alisema Bunge.

— Mimi nasema yuko Malawi, alisema Dizeli. Kaokolewa na meli. Kajigonga kichwa, kasahau jina. Ameoa huko, anauza dagaa wa usipa. Siku akikumbuka jina, utamwona.

— Tena atakuja na watoto, aliongeza Bunge. Mapacha.

— Asanteni, alisema Ottilia. Lakini mama anashinda na njaa pale ufukweni. Lazima nimwambie arudi nyumbani.

Landrova ya Mbamba Bay ilisimama mbele yetu. Utingo mpya, hatukumfahamu, akaruka chini, akachukua begi la Ottilia na kulipandisha juu.

— Huyu dada yuko na nani? alituuliza. Nataka kupanga viti.

Tukatazamana. Bunge akaanza kukagua kikombe chake.

— Jamani, swali gumu? Anasafiri na nani?

Ottilia alikuwa ameshapanda, anatazama mbele.

Mama Kunigunda akashika birika, akamwaga kahawa yote juu ya makaa. Moshi ukatufumba macho. Akafungua kitenge kiunoni, akajitanda mabegani.

— Kahawa imekwisha, alisema. Kijana, nisogezee huyo dada nipate kukaa.