Mtaa Mmoja, Maseneta Wawili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Garland Peavy, Mchungaji wetu, Mheshimiwa Meya, wazee wetu mlioketi mbele, nanyi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha:

Sisi wakazi wa Mtaa wa Mulberry, hapa Sutter's Ferry, tunakukaribisha katika ukumbi wa Kanisa la Mlima wa Mizeituni. Umepita kwenye mashamba ya pamba, na vumbi letu umelileta mwenyewe kwenye viatu, kwa hiyo huwezi tena kujiita mgeni kamili. Kaa utulie. Chai ya barafu ipo, na harufu unayoisikia ni ya kambare wanaokaangwa uani.

Tuseme jambo moja mapema lisije likatukwama kooni. Nusu ya watu unaowaona hapa hawawezi kukupigia kura hata wakitaka. Na ile nusu nyingine, Mheshimiwa, wengi wao hawakukupigia. Ulilijua hilo na bado umekuja. Tumeona, na tunashukuru.

HISTORIA YA WILAYA YETU YA SENETI

Historia ya uchaguzi katika wilaya hii ingeweza kusomwa kwa majina ya washindi tu, na tungemaliza haraka. Lakini sisi tunaijua kupitia mtu mmoja: Bibi Verlene Banks, yule pale mstari wa mbele, mwenye kofia ya zambarau. Alitukataza kumtaja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, hatukumtii.

Bibi Verlene alikuwa msichana wa shamba la pamba alipokwenda mahakama ya kaunti na mama yake kujiandikisha kupiga kura. Karani alimpa kifungu cha katiba akieleze. Akakieleza. Karani akasema amekosea.

"Nimekosea wapi, bwana?"

"Ungejua ulipokosea, si ungepatia?"

Wiki hiyo hiyo mwenye shamba akawaambia watafute pengine pa kulala. Ndivyo yeye, mama yake na mdogo wake Ernestine walivyohamia mtaa huu, wakiwa na godoro moja na kuku.

Sheria ilipobadilika, Verlene na Ernestine walirudi mahakamani wameshikana mikono, wakaandikishwa na karani yule yule, ambaye safari hiyo hakuinua macho. Uchaguzi uliofuata, mume wa Verlene, Cleotha Banks, kinyozi, aligombea useneti wa jimbo. Walimcheka. Wilaya ilikuwa imechorwa pana, kaunti tatu ndani ya mpaka mmoja, na kura zetu zikiingia humo zilipotea kama chumvi mtoni.

Usiku wa matokeo Cleotha aliingia jikoni na kofia mkononi.

"Verlene, wamenipiga."

"Vibaya?"

"Vibaya mno."

"Basi kaa ule. Hakuna aliyesema walioshindwa wafunge."

Aligombea tena, akashindwa tena. Mara ya tatu kioo cha kinyozi kilipasuliwa kwa mawe, na wateja wengine wakaanza kunyolewa makwao kwa woga. Cleotha akachoka. Akamwambia mkewe, "Mimi ni kinyozi. Niache ninyoe watu."

Verlene alikuwa anafua. Hakugeuka. "Nilifukuzwa shambani kwa ajili ya karatasi ya kura, Cleotha. Sasa nimeipata. Unataka niandike jina la nani humo? La aliyenifukuza?"

Cleotha akavua shati lake, akampa alifue, kwa sababu Jumapili ingebidi ahutubie.

MAFANIKIO

Mwaka 1979, baada ya korti kuamuru wilaya zichorwe upya, mji wetu ulikaa kwa mara ya kwanza ndani ya mpaka ambao kura zetu zingeonekana. Cleotha Banks akashinda. Wazee wanasema kengele ya kanisa hili ilipigwa mpaka kamba ikakatika, na Ernestine, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alicheza katikati ya barabara bila viatu.

Seneta Banks ndiye aliyetuletea zahanati, na lami unayoikuta baada ya daraja. Jumamosi alirudi kutoka makao makuu ya jimbo, akavaa aproni, akanyoa. Watu walimletea shida zao wakiwa na sabuni usoni, na hakuna aliyeweza kumdanganya akiwa na wembe shingoni.

Alifariki akiwa bado seneta. Ukaitishwa uchaguzi mdogo, na mabwana wenye suti wakaja kumwomba mjane agombee. Akakataa. Wakarudi, akakataa. Ernestine, aliyekuwa anaishi nyumba inayotazamana na ya dada yake, akavuka barabara na bakuli la supu.

"Dada, wanasema umekataa."

"Nimefiwa, Ernestine."

"Najua, nami nilikuwepo. Lakini usipokaa wewe kwenye kile kiti, atakaa mtu asiyejua Cleotha alikuwa anataka kumalizia nini."

"Na nikishindwa?"

"Utakula. Si ndivyo ulivyokuwa ukimwambia?"

Bibi Verlene alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akagombea, akashinda. Alimalizia kipindi cha mumewe, chumba cha wazazi cha zahanati kikajengwa, naye akarudi nyumbani. Walipomwomba aendelee alisema, "Kazi yake nimeimaliza. Sasa niacheni nikae barazani na mdogo wangu."

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, tangu hapo ramani imechorwa tena na tena. Kila mara tulisogezwa kidogo, kama fanicha ya mtu mwingine. Ramani ya mwisho ilipotoka tulidhani ni makosa ya uchapaji: mstari wa mpaka ulishuka katikati ya Mtaa wa Mulberry. Upande wa mashariki ni wako. Upande wa magharibi una seneta mwingine, ambaye hatujawahi kumwona.

Kwa kuwa ukumbi huu ulikuwa unahudumia wilaya mbili, kituo cha kupigia kura kilichokuwa humu kikafungwa. Upande wa mashariki tukapelekwa Harmon. Upande wa magharibi, Pickett's Landing. Ni safari za njia tofauti, na basi hakuna.

Siku ya uchaguzi uliopita, Bibi Verlene na Ernestine walivaa kofia zao kama kawaida, wakapanda gari moja kama kawaida. Tangu waandikishwe hawakuwahi kupiga kura bila kushikana mikono. Walipofika Harmon, mama mmoja mpole mezani akamwambia Ernestine kwamba jina lake haliko pale. Yeye ni wa ng'ambo ya mpaka.

"Mpaka gani?" akauliza Ernestine. "Mimi na huyu tunagawana kitunguu kimoja."

Bibi Verlene akageuka aondoke. Ernestine akamshika kiwiko.

"Unakwenda wapi?"

"Siingii peke yangu."

"Ingia, Dada. Piga yako, halafu twende tukapige yangu. Usinitie aibu mbele za watu."

Akaingia. Foleni ilikuwa ndefu na magoti ya Bibi Verlene ni ya zamani. Alipotoka, jua lilikuwa limezama. Walifika Pickett's Landing mlango ukiwa umefungwa, na ndani taa zikizimwa.

Njiani kurudi Bibi Verlene alilia. "Muda wangu ndio uliokula wako."

"Nyamaza, wewe," Ernestine akamwambia, akimfuta uso kwa glavu yake. "Mimi nimepiga kura nyingi kuliko gavana. Nitapiga ijayo."

Ernestine Ousley alifariki Februari hii. Alikuwa mama mzazi wa Delphine, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, na aliyetuahidi kwamba hapa atasimama kidogo tu, kisha ataendelea.

MAOMBI

Tunafahamu kwamba korti imeamuru baadhi ya mipaka ichorwe upya, na kwamba wewe ni mjumbe wa kamati itakayoichora. Hatukuombi barabara wala jengo leo.

Tunaomba mtaa wetu uwe upande mmoja wa mstari. Upande wowote, Mheshimiwa. Ikiwa kwa kutuunganisha utatupoteza sote, tunakuomba utupoteze sote kwa pamoja. Na ikiwa utatupata sote, uje tena, tutakusumbua.

Tunaomba kituo cha kupigia kura kirudi ukumbini humu, ambamo mtu mwenye mkongojo anaweza kufika kwa miguu yake. Wengine wametushauri tupige kwa posta. Bibi Verlene anasema hiyo ni kama kufunga ndoa kwa simu: inawezekana, lakini mbona ulishajipamba?

Tena, kabla hujaondoka, tunaomba utembee nasi mtaani. Nyumba ya Ernestine ina mapazia ya manjano. Bibi Verlene bado huketi barazani akiitazama.

HITIMISHO

Tulipomaliza kuandika risala hii tulimpelekea Bibi Verlene aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akarekebisha tahajia ya jina la mumewe. Tukamuuliza kama kuna neno la kuongeza kwa mgeni rasmi.

Akasema, "Mwambieni mimi nina miaka themanini na saba. Mwambieni awahi."

Mungu akulinde barabarani, Mheshimiwa, akupe mkono mwepesi wa kuchora na moyo mzito wa kukata. Awabariki watu wako, na wale ambao bado si wako.

Ni sisi,
Wakazi wa pande zote mbili za Mtaa wa Mulberry,
Sutter's Ferry.