Kicheko cha Maman Bibiane Kimefungiwa Cercle

Wewe mwenye kupita na koti ya dimanche, umeshasikia ukuta ukicheka? Basi keti. Kijiwe chetu ni ubao juu ya matofali, hapa soko ya Nyawera, kinaangalia dirisha la Cercle, klabu ya Wazungu. Ndani wametundika picha za wamama wa soko letu, na machine inapiga sauti zao zilizokamatwa mwezi uliopita. Moja ni ya Maman Bibiane, mwenye kutuuzia kahawa. Dirisha linacheka, Bibiane anamimina, sisi watatu tunabishana: Catéchiste Télesphore, Caporal Ignace, na miye, mwenye diplôme bila kazi. Wananiita Ministre.

— Ni kasiksi, pombe ya ndizi! anasema Catéchiste. Mutu hawezi kucheka hivi na maji tupu.

— Apana, anakataa Caporal. Ile machine iko na moshi ya kuchekesha, inapuliza mu pua. Nilionaga mu armée.

— Tonton, anasema Catéchiste, mu armée ulikuwa unapika!

— Na kwa kupika hakuna moshi?

— Messieurs, nasema miye, hii ni commerce. Ulaya baridi imekausha kicheko yao. Wanachukua ya wamama wetu, wanafunga mu bidon, wanapeleka Bruxelles. Kesho muke wa administrateur atacheka na sauti ya Bibiane!

— Yesu! anasema Catéchiste. Na bwana yake ataitika nani?

Dirisha likapasuka tena kwa kicheko. Catéchiste akajimwagia kahawa.

Hapo Eulalie, muuza viazi wa Mudaka, akatua kitunga chake.

— Mwenyewe mulimuuliza?

Bibiane alikuwa pale pale na birika, karibu ya magoti yetu.

— Ule muzungu wa picha, akasema Bibiane, alituamuru: sérieux, mesdames, hakuna kucheka! Halafu akasimamisha machine ya picha juu ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa kichwa yote. Kwetu nani anafunikwaka hivyo?

— Bibi arusi! Eulalie akapiga makofi.

— Voilà! Tukamuimbia: usilie, mwanetu, papa yako amekwisha pokea ng'ombe! Anatoa kichwa, anauliza kuko nini. Anarudi ndani, tunaanza tena, na machine ya sauti inakamata yote!

Caporal alianguka kwenye ubao. Miye nilishika mbavu.

— Na picha yako iko namna gani, maman? akauliza Eulalie.

— Sijaiona. Nilivaa pagne mupya, nikaenda Cercle. Sentinelle, mulinzi wa mulango, akasema: weusi apana, isipokuwa wa kufagia.

— Sasa mwenye kicheko anaingilia mulango gani?

Catéchiste akaangalia ndani ya kikombe. Caporal vilevile. Birika lilikuwa limekauka; miye nikaweka Kifaransa changu pembeni, nikatoa karatasi na kalamu.

Messieurs du Cercle, nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Tafuteni wa kuwatafsiria, tena mumulipe. Fungueni mulango wa mbele, Bibiane aingie na pagne yake, ajione, ajisikie. Na kama munaogopa miguu yake juu ya parquet, ile sakafu yenu ya mbao, toeni picha, toeni machine, muzilete Nyawera. Leo, kabla ya soko kufunga.