Nasimiyu Akiwa Peke Yake

Waliokuwapo Jumanne hiyo, kwenye benchi lililo mbele ya duka la dawa za mifugo karibu na kota za reli, Nakuru, ni hawa: Peter Ndegwa, mwenye duka, anayeitwa Daktari ingawa hajawahi kumtibu mtu, Samson Kamande, mzee wa kanisa, anayeitwa Askofu, Elijah Khaemba, mstaafu wa reli, anayeitwa Signo, kama ile ishara ya treni, kwa kuwa hukaa kimya mpaka zamu yake ifike, na Joab Sitati, fundi wa mabomba ya mvuke wa ardhini kule Naivasha, ambaye hana jina la utani kwa sababu hukaa nyumbani wiki mbili na kupotea wiki mbili. Chupa ya kahawa ilikuwa katikati yao. Tangu Jumamosi Sitati alikuwa akilala kwa ndugu yake, na kesho yake alikusudia kumrudisha mkewe, Nasimiyu, kwa wazazi wake Kimilili. Ila alitaka kwanza kusikia wenzake wanasemaje.

— Kuna rafiki yangu, alianza.

— Anaitwa nani? akauliza Askofu.

— Jina la nini? Ni rafiki tu. Anafanya kazi mbali. Majuzi akamuuliza bibi yake kwa mzaha, "Nikiwa huko, wewe hukaaje?" Huyo mama akajibu bila kupepesa macho, "Nikikukosa sana najiridhisha mwenyewe, halafu nalala."

Wote walijua ni rafiki gani.

— Yaani punyeto? Daktari alishusha sauti. Mwanamke?

— Mwanamke. Na anaimba kwaya, Sitati akasema, kisha akajuta.

Askofu aliweka kikombe chini.

— Hiyo si tabia, hiyo ni pepo. Kuna mume wa kiroho. Akiona nyumba mwenyewe hayuko, anaingia, anakaa kwa kiti chako, anakula sahani yako.

— Wacha pepo, boss. Hii ni kitu ya sayansi, akasema Daktari. Umewahi kuona ng'ombe anayejinyonya? Anapinda shingo, anamaliza maziwa yake mwenyewe. Jioni unaenda kukamua, ndoo tupu. Mwenyewe anakuja hapa, namuuzia pete ya misumari, anamvalisha puani, kwisha.

— Sasa huyo mama avalishwe wapi? akauliza Askofu.

— Sijafika hapo! Nasema mwili ni betri. Akijimaliza wiki mbili, jamaa akirudi anapata stima imepotea. Tena damu inahama. Inatoka kiunoni, inapanda kichwani. Unadhani ni kwa nini siku hizi wanawake wanashinda kura?

— Au ni ule mvuke wa Naivasha, Askofu akasema, maana hakupenda kushindwa. Unatoka chini kwa moto, unaingia kwa ovaroli. Mama anafua ile ovaroli...

Sitati alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa akimwona Nasimiyu akikunja blanketi na kuyasema maneno yale kama mtu anayesema ameosha vyombo. Kilichomuuma hakikuwa aibu. Alijiona mtu asiyehitajika nyumbani kwake mwenyewe.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni akingoja chumvi ya ng'ombe. Alikuwa Jepleting, mfugaji kutoka Njoro.

— Wazee, samahani. Huyo rafiki yenu, zile wiki mbili akiwa huko, yeye hufanya nini?

Daktari aligeuka kusoma maandishi ya mfuko wa chumvi. Askofu aliona kitu kwenye kiatu chake. Masikio ya Sitati yalipata moto. Jepleting akabeba chumvi yake, akaenda.

Ndipo Khaemba alipofungua kinywa.

— Mimi nitasema yangu, si ya rafiki. Immaculate, mke wangu, hajainuka kitandani tangu apatwe na kiharusi, mnajua. Mwanzoni niligeuka mtu mkali. Hata sufuria nilizifokea. Siku moja akaniita. Maneno yake hutoka polepole. Akasema, "Baba Quincy, enda chumba kile kingine, ufunge mlango. Ukimaliza uje unisomee gazeti."

— Mama Quincy alisema hivyo? akauliza Daktari.

— Hivyo hivyo. Nilisimama pale kama mtoto wa shule. Nikaenda. Nilipotoka alikuwa ananicheka kwa upande ule wa uso ulio mzima. Tangu hapo sijamfokea, wala sijatafuta mtu mwingine. Na nikifunga ule mlango, niko na yeye. Yule msichana wa gauni la maua niliyemwona stesheni ya Gilgil, na huyu wa kitandani. Wote wawili.

Askofu alivua kofia polepole, kama afanyavyo akiingia kanisani. Sitati alimtazama yule mzee aliyezoea kukaa kando yake, akahisi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba ndogo akakuta ndani ukumbi usio na mwisho.

— Na huwa mnaongea juu yake? akauliza kwa sauti ndogo.

— Hapana. Tunasoma gazeti.

Sitati aliondoka bila kumaliza kahawa. Nyumbani alikuta Nasimiyu amekwisha kupanga nguo zake kwenye begi, maana habari ya Kimilili ilikuwa imemfikia, begi liko mlangoni, na yeye anachambua sukuma wiki.

— Ukiwa peke yako, alisema, akiwa bado amesimama, unamfikiria nani?

Nasimiyu alimkodolea macho.

— Joab, wewe ni mjinga? Nani mwingine?

Sitati akaketi kwenye kigoda.

— Na wewe, Naivasha? akauliza Nasimiyu.

Akamwambia. Ilimchukua muda, na hakuinua macho mpaka alipomsikia akicheka. Kisha Sitati akasimama, akabeba lile begi, akalirudisha chumbani.

Alhamisi asubuhi Elijah Khaemba hakuja kwenye benchi. Mkewe, Immaculate Namalwa, alikuwa amefariki alfajiri.